Oili namba ngapi kwa ndege ndogo winta ikiingia? (uzi wa wenye injini za pistoni)

FUNDI WA HANGA (mleta uzi):

Wakuu salaam. Kila ukifika mwezi wa kumi hapa Minnesota simu yangu inajaa swali moja, "fundi nibadilishe oili au niache hii hii ya kiangazi?" Na siku hizi wanaouliza wengi ni vijana wetu wa Bongo na Kenya waliokuja kusomea urubani, wengine wameshachanga wakanunua ka-Cessna ka zamani na baridi yenyewe ndo wanaisikia kwa mara ya kwanza. Ngoja niandike yote hapa halafu nikiulizwa natuma linki.

Kwanza maandishi ya kwenye kopo, maana wengi wanapotelea hapo. Kopo limeandikwa W100, mtu anasema aah hii W ni ya winta, nimemaliza. Hapana mkuu. Kwa AeroShell W100 ni oili ya ndege namba 100, ukiipeleka kwenye hesabu ya SAE (vipimo vya uzito wa oili, namba ikiwa kubwa oili ni nzito) ni 50, na hiyo W inakuambia tu kwamba ndani kuna dawa ya kushikilia uchafu isiyoacha majivu. W80 ni SAE 40. W65 ni SAE 30. Namba 120 ni SAE 60. Yaani namba ya ndege ni kama mara mbili ya ile ya SAE. Ila ukiona 15W-50 au 20W-50 hapo W ndo ya baridi kweli, hizo ni maltigredi, yaani oili moja yenye gredi mbili, ya baridi na ya joto. Kwa hiyo yule jamaa mwenye W100 anayelala usingizi mnono, ameweka SAE 50 tupu, na kesho asubuhi kuna hasi 15.

Sasa namba zenyewe. Injini nyingi za Cessna 172 na Piper Cherokee ni Lycoming, na Lycoming wana waraka wao, Service Instruction 1014, kila fundi anao. Kwa oili zenye dawa wanasema hivi: hewa ya nje ikiwa zaidi ya nyuzi 27 unaweza kuweka SAE 60, zaidi ya 15 weka 40 au 50, kati ya hasi 1 na 32 weka 40, kati ya hasi 18 na 21 weka 40 au 30 au 20W-40, chini ya hasi 12 weka 30 au 20W-30. Na 15W-50 au 20W-50 wanairuhusu joto lolote lile. Mnaona namba zinapandana, moja inaanza kabla nyingine haijaisha. Ndivyo walivyotaka, maana hali ya hewa haibadiliki kwa mstari, na hapo kwenye kupandana ndo fundi anatumia akili. Mimi kwenye kupandana naangalia asubuhi ya kuwashia injini, siangalii mchana.

Ukiwa na oili ya kawaida isiyo na dawa (ile ya injini mpya au iliyotoka ovahoo, yaani kufumuliwa na kuundwa upya, wanaitumia kwa saa 50 za mwanzo au mpaka ulaji wa oili utulie) kumbuka safu yake ni nyingine, chini ya hasi 12 wanataka SAE 20 kabisa. Watu wanasoma safu siyo yao halafu wanabishana na mimi.

Continental, watengenezaji wengine wa injini, nao wana kitabu chao, usichukue namba za Lycoming ukazipeleka huko. Vitabu vya zamani vya Cessna 182 yenye injini yao ya O-470 vinakata kwenye nyuzi 4 hivi (Fahrenheit 40), juu yake SAE 50, chini yake SAE 30. Basi, imeisha.

Kwa nini yote haya? Oili nzito ikipoa inakuwa kama mafuta ya nazi asubuhi ya Julai kule Njombe, unainamisha chupa hayatoki. Injini inawaka, propela inazunguka, geji ya presha imelala kwenye sifuri, na muda wote huo beringi na kemshafti (shafti inayofungua valvu) zinasagana na kiji-oili kilichobaki cha jana. Kemshafti ya Lycoming iko juu ya krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na oili yake inategemea zaidi ile inayorushwa rushwa na injini ikizunguka, kwa hiyo hiyo ndo inakufa kwanza. Pampu nayo ikifanikiwa kuisukuma oili nzito, presha inapanda kupita kiasi, valvu ya filta inafunguka, oili inapita pembeni bila kuchujwa. Kwa hiyo dakika zile za mwanzo unaizungusha kwenye injini oili ambayo haijasafishwa.

Na kuna kitu kingine ambacho oili haiwezi kukitibu, hapa naomba msome polepole. Kasha la injini ni aluminiamu, krankishafti ni chuma. Aluminiamu inasinyaa zaidi ya chuma kwenye baridi. Maana yake nafasi ya beringi inapungua, ile nafasi ambayo oili ilitakiwa ikae. Unaweza ukaweka oili nyepesi kama maji na bado nafasi ya kupita hakuna. Ndo maana mimi nasema ubishi wa W80 na 15W-50 kwenye baridi kali ni nusu ya maneno tu, nusu nyingine ambayo kwangu ndo kubwa ni kuipasha injini moto kabla ya kuwasha. Lycoming wanataka upashe ikiwa chini ya hasi 12 kwa injini zao nyingi, na zile ambazo namba yake inaishia na 76 wanataka kuanzia hasi 7. Continental wanasema hasi 7. Hakuna mahali wameandika "ukiweka maltigredi sahau kupasha". Hakuna.

Tena hata ile 15W yenyewe ina mwisho wake. Kipimo cha SAE kwa 15W kinadai oili bado ipampike kwenye hasi 25. 20W ni hasi 20. Duluth hapa kaskazini usiku wa Januari hasi 30 siyo habari ya gazeti.

Kupasha kwenyewe: wenye umeme hangani wanafunga hita za kubandika, moja kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) na nyingine kwenye silinda (Tanis wanazitengeneza hapa hapa Minnesota, mji wa Glenwood), unachomeka jioni asubuhi injini nzima ya vuguvugu. Asiye na umeme anatumia hita la kupuliza na paipu, anafunika kava la injini na blanketi nene. Kosa naloliona sana ni kupuliza silinda tu dakika kumi, mtu anashika silinda, ya moto, anawasha. Chini kwenye sampu oili bado imelala na beringi za katikati hazijaguswa na joto lolote. Anza chini, subiri, panda juu, na usiwe na haraka na hiyo kazi hata kama abiria amenuna.

Ukishawasha, angalia geji ya presha tu. Sekunde 30 siku za kawaida, kwenye baridi sana vitabu vya Cessna vinakupa kama mara mbili ya hapo. Ikipita bila presha zima, usiseme "ngoja kidogo".

Naomba kuwasilisha, maswali karibu.

RUBANI MTARAJIWA:

Shikamoo fundi. Elimu nzuri sana hii. Swali la mjinga, magari huku watu wanaweka 0W-20 au 5W-30 sinthetiki tupu na yanawaka hasi 30 bila hita bila nini. Kwa nini tusiweke hiyo kwenye ndege tukalala?

FUNDI WA HANGA:

Marahaba kijana. Wazo hilo limeshajaribiwa na watu wenye pesa. Mobil walitoa oili ya ndege ya sinthetiki tupu, AV 1, ilikuwa inateleza vizuri ajabu na baridi haikuisumbua. Tatizo petroli yetu. Ile 100LL ina madini ya risasi mpaka gramu 0.56 kwa lita, na mabaki ya risasi yanapenya pistoni kuingia kwenye oili. Oili ya kawaida ya kuchimbwa inaweza kuyabeba, sinthetiki tupu ikashindwa, yakajikusanya kama tope la kijivu ndani ya injini. Ikaondolewa sokoni miaka ya 1990, na kesi zikafuata. Ndo maana AeroShell 15W-50 ni nusu sinthetiki nusu ya kawaida, sinthetiki kwa ajili ya baridi na ile nyingine kwa ajili ya kubeba risasi. Phillips X/C 20W-50 wao wamebaki na ya kawaida tu.

Pili oili ya gari ina dawa zenye metali, zikiungua zinaacha majivu, majivu yanakaa kichwani mwa pistoni yanakuwa mekundu na kuwasha petroli kabla ya plagi. Injini ya ndege inapoozwa kwa upepo, silinda zake zina moto kuliko gari lako, hicho kitu kinatoboa pistoni. Usijaribu.

MZEE WA WILSON:

Fundi mambo. Niko Nairobi, uwanja wa Wilson. Sisi hapa tunaweka W100 mwaka mzima na ndege zinaruka, sijaona hiyo shida yenu. Winta gani Afrika bana? Nadhani mnatisha watu bure.

FUNDI WA HANGA:

Poa sana mzee wangu. Sijasema Nairobi kuna winta, uzi ni wa huku. Ila twende na namba zako. Wilson mko futi 5,500 na kitu juu ya bahari, Julai asubuhi inafika nyuzi 11 au 12. Waraka wa 1014 SAE 50 wanaianzisha nyuzi 15. Kwa hiyo mwezi huo kitabu chenyewe kinakuambia SAE 40, W80, ambayo mchana pia haina shida kwa sababu hiyo hiyo 40 wanairuhusu na juu ya 15. Je, W100 itaua injini yako kwa nyuzi 12? Hapana, itachelewa kupanda kidogo tu kila asubuhi. Lakini hiyo kidogo kila asubuhi kwa ndege ya chata inayowashwa mwaka mzima, mimi nisingeiacha.

Halafu fikiria ndege inayowashwa Wilson alfajiri nyuzi 12 na saa tano iko Lamu nyuzi 32 inangoja abiria kwenye jua la Manda. Huyo ndo mteja halali wa 15W-50, siyo mtu wa Minnesota peke yake.

MZEE WA WILSON:

Hapo sawa. Ya Lamu umenipata 😅. Ila injini zetu nyingi za Cessna 206 ni Continental, si ulisema kila mtu na kitabu chake.

FUNDI WA HANGA:

Umenikamata na maneno yangu haha. Kweli kabisa, za zamani zina IO-520 ya Continental, 206H mpya ndo Lycoming. Fungua kitabu cha injini iliyoko kwenye ndege, siyo ya ndege ya jirani.

MSUKUMA WA WINNIPEG:

Mimi nabisha kidogo mkuu. Niko Manitoba, hapa hata nyie wa Minnesota mnaonekana mko kiangazi. Maltigredi siipendi kwa ndege inayokaa. Watu wengi huku winta wanaruka mara moja kwa mwezi, oili ya gredi moja inang'ang'ania kwenye kemshafti muda mrefu, maltigredi inachuruzika yote inarudi kwenye sampu, kutu inaanza. Mafundi wengi wazee hapa wanaweka W80 winta na kupasha, basi.

FUNDI WA HANGA:

Hoja ya heri hiyo na mabishano yake hayataisha leo. W80 na kupasha ni chaguo zuri kabisa, sina ugomvi nalo, tena kwa ndege iliyo na hita ya umeme ya kudumu naona ndo bora. Wasiwasi wangu ni siku umeruka kwenda kwa watu, umelala usiku mmoja kwenye uwanja usio na hita wala umeme, asubuhi hasi 10. Hapo ningependa niwe na 15W-50.

Kuhusu ndege inayokaa, mimi adui namuona ni maji kuliko gredi. Mtu hana muda wa kuruka anakuja hangani Jumamosi anawasha anangurumisha dakika kumi na tano anazima, anajisifu ameitunza injini. Ameiharibu. Oili inatakiwa ifike kama nyuzi 82 na ikae hapo ndo maji yaondoke, chini kwenye lami winta haifiki hata ungurume mpaka jioni. Umetengeneza mvuke, umeuchanganya na asidi ya moshi, umezima. Bora uiache kimya au uruke kweli, nusu saa na zaidi.

MSUKUMA WA WINNIPEG:

Hilo la kungurumisha nimewaambia watu wakachoka. Ongezea na bomba la kupumulia.

FUNDI WA HANGA:

Asante, nilisahau na ni kubwa. Injini inapumua kupitia bomba linalotoka chini, mvuke ukitoka kwenye baridi kali unaganda mdomoni. Bomba likiziba presha inajaa ndani ya kasha, inatafuta pa kutokea, inaing'oa oili sili ya mbele nyuma ya propela, na oili yote inaishia kwenye kioo chako na angani. Ndo maana mabomba mengi yana kitundu cha pembeni juu kidogo, sehemu yenye joto, kama njia ya dharura. Kabla ya winta hakikisha kipo na hakijazibwa na fundi mwenye bidii kupita kiasi.

Na kipoza oili je. Kwenye 172 kuna kifaa cha winta, vibati vya kuziba upepo na vya kufunika, Cessna wanataka viwekwe ikiwa chini ya hasi 7. Watu wanaviacha kwenye droo. Baridi ikizidi, oili iliyoko ndani ya kipoza inaganda, oili ya moto haipiti tena humo, na unaona kitu cha ajabu kabisa, nje hasi 20 na geji ya joto la oili inapanda! Rubani mgeni anadhani injini imechemka kwa sababu ya kazi. Ila usisahau kuvitoa siku ikiwa ya joto.

DADA WA ANGANI:

Kaka fundi, nina 172N ya 1978, ilikuwa na 15W-50 toka nimeinunua. Nimeshawishika na W80 kwa winta kwa sababu hanga langu lina hita. Nibadilishe tu hivi hivi?

FUNDI WA HANGA:

Dada simama hapo hapo. 172N ya 1977 mpaka 1980 ina injini ya O-320-H2AD, ile yenye historia mbaya ya kemshafti na tapeti. Hiyo Lycoming wanalazimisha dawa yao ya kuzuia kusagika, namba LW-16702, kila ukibadilisha oili. AeroShell 15W-50 tayari imo ndani, ndo maana hujawahi kuisikia. W80 ya kawaida haina. Chagua W80 Plus, hiyo inayo, au ununue kile kichupa uongeze mwenyewe, na iandikwe kwenye logibuku. Ukikosea hapo hutaona kitu winta hii, utakuja kuona vumbi la chuma kwenye filta mbele ya safari.

DADA WA ANGANI:

Mungu akubariki. W80 Plus basi. Na ile robo lita ya 15W-50 iliyobaki kwenye kopo nikiongezea juu ya W80 Plus itagombana?

FUNDI WA HANGA:

Haigombani, oili za ndege zenye kibali hicho kimoja zinachanganyika. Ila hujui tena una gredi gani, kwa hiyo iwe ya kuongezea njiani tu.

KIJANA WA TANDIKA:

Nimeweka kambi hapa siti ya mbele 🍿. Wakuu Caravan zinazoenda Serengeti zinaweka namba ngapi?

FUNDI WA HANGA:

Caravan ni tabaini, PT6, haimo kwenye uzi huu. Oili yake ni sinthetiki ya tabaini, nyembamba sana, na hata siku moja isiguse injini ya pistoni wala ya pistoni isiende kule. Makopo yakae makabati tofauti.

RUBANI MTARAJIWA:

La mwisho fundi. Shule yetu wana kandege kenye injini ya Rotax 912, tunafuata W80 pia?

FUNDI WA HANGA:

Hapana! Umefanya vizuri kuuliza. Rotax ina giaboksi na klachi zinazooga oili hiyo hiyo ya injini, na oili za ndege za kawaida kama W80 au W100 hazifai humo. Inataka oili ya aina ya pikipiki yenye dawa za gia, kwa mfano AeroShell Sport Plus 4 ambayo ni 10W-40, na Rotax wana orodha yao, fuata hiyo. Asubuhi ya baridi usiipe nguvu kubwa mpaka joto la oili lifike nyuzi 50, na mkiwa mnatumia 100LL badala ya petroli ya gari muda wa kubadilisha oili unafupishwa kwa sababu ya risasi ile ile.

MZEE WA WILSON:

Na hao wa Lycoming machipuko yakifika warudi W100 lini?

FUNDI WA HANGA:

Wa 15W-50 hawana cha kurudi, wanaendelea. Wa W80 wasubiri asubuhi zenyewe zivuke 15, siyo mchana mmoja wa jua mwezi wa tatu. Kwa vile oili inabadilishwa kila saa 50 za kuruka au miezi minne, chochote kitakachotangulia, aliyeweka W80 Novemba atakuwa anaimwaga Machi hata kama hajafikisha saa. Hapo aangalie utabiri wa wiki zinazokuja, kama asubuhi bado ziko kwenye hasi aweke W80 nyingine, na W100 isubiri Juni.